Miti yangu inahama kila mwaka! Nakagua kwa Excel na ramani, wajuzi njooni

#1 Gogo Kavu
Wakuu habari. Naomba msaada kabla sijaitwa mchawi kazini.

Natunza miti 412 ndani ya uzio mmoja. Kila mwaka nazunguka na kijana wa kunisaidia, simu na futi ya kamba, napima mzingo, natazama shina, matawi na mizizi, nachukua kodineti (namba za mahali mti ulipo), jioni naingiza Excel. Mti mmoja, mstari mmoja. Mwaka ukigeuka natengeneza kopi ya faili, nafuta yaliyomo, najaza mapya.

Juzi bosi kasema anataka kuiona miti kwenye ramani. Nikapakua QGIS, programu ya ramani, nikaweka faili la mwaka jana kwa nukta nyekundu na la mwaka huu kwa bluu, nikijua zitalaliana. Wapi! Nyekundu huku, bluu kule. Mwarobaini wa getini uko katikati ya barabara. Miti sita imetumbukia baharini, na huku hatuna hata ziwa. Halafu kuna mkuyu namba 117, unaotaka watu watatu kuuzungushia mikono. Huo umetembea mita 40 na kuruka ukuta.

Nani kakosea: simu, Excel, QGIS au mimi?

#2 Panzi Mkavu
Wewe.

#3 Mzee wa Ramani
Usimsikilize Panzi. Hiyo ni GPS tu, kijana wangu. Simu ya kawaida, anga likiwa wazi kabisa, inakupa mahali ndani ya duara la nusu kipenyo mita 5 hivi. Wamarekani wenye mtambo wenyewe wanataja 4.9. Sasa wewe umesimama wapi? Chini ya mti! Majani mabichi na shina nene vinadhoofisha mawimbi ya setilaiti, ukuta wa jirani unayarudisha, simu inasikia mwangwi inadhani ni sauti yenyewe. Mwaka jana umekosea mita 6 kwenda kulia, mwaka huu mita 6 kwenda kushoto, tayari mti umehama mita 12 na hakuna aliyefanya kosa.

Na mshukuru hamkuanza zamani. Kabla ya Mei 2000 Marekani ilikuwa inaharibu kwa makusudi mawimbi ya raia, ukipata ndani ya mita 100 unasema leo bahati yangu.

#4 Shina44
Mzee heshima yako, ila mimi naona tatizo ni picha ya setilaiti iliyo chini ya nukta. Zile picha zenyewe huwa zimesogea mita kadhaa, na ukibadilisha mtoa picha jengo lako linahama nalo. Nimeshaona uwanja ule ule kwenye picha mbili, magoli hayalingani.

#5 Mzee wa Ramani
Kweli kabisa kuhusu picha, Shina44. Lakini soma tena #1. Analinganisha nukta nyekundu na nukta bluu, halinganishi nukta na picha. Toa picha yote, bado zitakuwa zimeachana. Ila huo mwarobaini wa barabarani, huo nakupa.

#6 Shina44
Nimekubali nusu.

#7 Fundi Jedwali
Daktari haandiki dawa kabla ya kupima. Gogo Kavu, usituambie "imehama". Tuambie imehama umbali gani na kuelekea wapi. Kwenye QGIS unganisha nukta mbili za namba moja kwa mstari, uone mistari imeelekeaje.

Kama yote imeelekea upande mmoja kwa urefu mmoja, ni datamu, yaani msingi wa kuhesabia kodineti: faili moja lilisomwa kwa mfumo mwingine wa ramani, na mifumo ya zamani inaweza kutofautiana na WGS84, ule wa GPS, kwa mamia ya mita. Kama imeelekea ovyo ovyo, mita mbili tatu hadi kumi, Mzee wa Ramani ana haki. Kama nukta zimejipanga kwa mpangilio ambao miti haina, basi kuna mkono wa mtu. Excel nayo ni mtu.

#8 Kichipukizi
Naomba nichangie japo ni mgeni. Si mabara yenyewe yanasogea? Nimesoma Australia inasogea sentimita 7 hivi kwa mwaka, hadi wakalazimika kubadilisha datamu yao kutoka GDA94 kwenda GDA2020, na kodineti zote zikasogea mita 1.8 hivi.

#9 Panzi Mkavu
Nimepiga hesabu. Kwa sentimita 7 kwa mwaka mkuyu 117 ungehitaji zaidi ya miaka 570 kufika hizo mita 40. Huu wa Gogo ulikuwa na haraka.

#10 Mzee wa Ramani
Kichipukizi usikate tamaa, ulichosema ni kweli kabisa na wapima ardhi wanakihesabu. Ila kwa simu ya mfukoni ni kama kupima uzito wa unyoya kwenye mizani ya magunia.

#11 Gogo Kavu
Nimerudi. Asanteni. Nimeunganisha mistari kama Fundi alivyosema, usiku kucha.

Mingi, zaidi ya 320, imehama mita 2 hadi 9, kila mmoja upande wake. Hiyo naiachia GPS. Lakini kuna vituko vitatu. Miti kama 60 imepandana kwenye nukta chachechache, na nukta zenyewe zimekaa kama mashimo ya bao, safu kwa safu. Miti 14 imejipanga mstari mmoja ulionyooka, nafasi sawa, kama askari kwenye gwaride. Na ile sita ya baharini iko sehemu moja, mmoja juu ya mwingine.

117 peke yake, mita 40, kuvuka ukuta. Majirani zake wote wametulia.

#12 Fundi Jedwali
Haya sasa ndiyo maelezo.

Bao: kuna siku ulifungua faili, ukaona kodineti ndefu zinachukua nafasi, ukapunguza desimali zibaki nne. Excel haikufuta kitu ndani, ilificha tu. Ila ukihifadhi kama CSV, yaani jedwali la maandishi matupu, inaandika kile kinachoonekana. Desimali nne za digrii ni hatua za mita 11 hivi. Miti yote iliyo ndani ya kijisanduku kimoja inaangukia nukta moja. Desimali tano ni mita 1, sita ni sentimita 11, na zaidi ya hapo kwa simu ni mapambo.

Gwaride: ulichagua seli mbili za juu ukaburuta kona kushuka, ukidhani unakopi. Excel ikaona namba mbili zenye tofauti, ikaendeleza tofauti ile ile hadi chini. Hiyo ni hesabu safi kabisa, ila siyo miti.

Bahari: simu haikupata setilaiti, programu ikaandika sifuri na sifuri. Latitudo 0, longitudo 0 ni kwenye Ghuba ya Guinea. Watu wa ramani wamepaita Null Island, kisiwa ambacho hakipo. Kilichowahi kuwekwa pale ni boya la hali ya hewa tu. Nusu ya data mbovu ya dunia inaogelea pale. Ingekuwa seli tupu, QGIS isingechora nukta yoyote. Kwa hiyo sifuri ni mbaya kuliko utupu.

#13 Gogo Kavu
Desimali nilipunguza ili ukurasa uenee kwenye printa. Kuburuta sikumbuki, ila sikatai.

#14 Panzi Mkavu
Rejea #2.

#15 BintiMsitu
Samahani kuingilia. Posti 14 na hakuna aliyeuliza miti yenyewe inaumwa nini. Nimefanya ukaguzi miaka mingi. Kodineti ikikosea mita 5 nitauona mti, ni mkubwa. Kinachoua ni safu ya "Hali".

Nitatoa yangu. Sehemu niliyokuwa nafanya tulirithi shiti yenye safu hiyo, imejazwa "nzuri" kuanzia juu mpaka chini. Mti mmoja, mkaratusi wa njiani, ukaanguka usiku bila upepo wa maana. Nilipofika nikakuta shingo ya mzizi, pale shina linapokutana na mizizi, imeoza, na upande wa nyuma, ule usioangalia njia, kuna uyoga mgumu wa Ganoderma umekaa kama rafu, juu kahawia, ukingo mweupe. Ule uyoga haukuota wiki hiyo. Nikafungua shiti: nzuri, nzuri, nzuri, miaka mitatu. Sikuweza kujua kama mkaguzi alizunguka mti, au aliutazama kutoka njiani, au aliburuta seli kama Gogo hapo juu.

"Nzuri" ni hukumu bila ushahidi. Andika ulichokitazama: shingo ya mzizi, upande gani, shina, umegonga kwa nyundo au hukugonga, panda (pale shina linapogawanyika), kuna gome lililobanwa ndani au hakuna, matawi makavu, mangapi na yana unene gani. Na uweke tofauti kati ya "nimeangalia hakuna" na "sijaangalia". Seli tupu inaweza kuwa lolote kati ya hayo.

#16 Shina44
Hii imenigusa. Hivi sehemu ya hatari mnaandikaje? Sisi tuna 1 mpaka 5 na kila mtu ana 3 yake.

#17 BintiMsitu
Namba bila maneno ni mtego. Wale wa ISA, chama cha kimataifa cha wataalamu wa miti, wanatumia ngazi nne za uwezekano wa kuanguka. Kwa Kiswahili changu mimi: haitarajiwi, inawezekana, inaelekea, wakati wowote. Halafu unauliza tena: ukianguka utampata nani? Panda mbovu juu ya maegesho siyo sawa na panda hiyo hiyo katikati ya kichaka. Hivyo safu ni mbili, siyo moja.

#18 Fundi Jedwali
Na zote ziwe orodha ya kuchagua, siyo kuandika kwa mkono. Nilishapewa faili la kusafisha ambalo mwarobaini ulikuwa miti mitano tofauti: "mwarobaini", "Mwarubaini", "muarobaini", "neem", na "mwarobaini " wenye nafasi mwishoni isiyoonekana. Huo wa mwisho ulinila asubuhi nzima. Jina la kisayansi kwenye orodha, la mtaani pembeni, mchezo umeisha.

Sasa nirudi kwenye ugonjwa wenyewe wa Gogo, maana GPS ni homa tu. Soma #1: "mti mmoja, mstari mmoja", na kila mwaka anafuta na kuandika upya. Ndiyo maana miti inahama! Anauandikisha mti upya kila mwaka kana kwamba kauona leo. Mti hauhami, mahali pake pachukuliwe mara moja, vizuri, basi. Kinachobadilika ni ukaguzi.

Majedwali mawili. La kwanza MITI: namba, jina, mahali, tarehe ya kupandwa kama inajulikana. La pili UKAGUZI: namba ya mti, tarehe, nani kakagua, mzingo, aliyoyaona. Mti mmoja una kaguzi nyingi, na hakuna inayofutwa. Ukitaka la tatu liwe KAZI: nini kilipendekezwa, lini kilifanyika. Namba ya mti ndiyo uzi unaoshona yote. Programu za hifadhidata kama Access na LibreOffice Base zinafanya, QGIS yenyewe inafanya uhusiano huo ndani ya faili moja la GeoPackage, linalobeba ramani na majedwali pamoja, na simuni unatumia QField, QGIS ya simu, bila mtandao. Ukibonyeza mti kwenye ramani, kaguzi zake zote zinashuka kama barua kwenye sanduku.

#19 Bwana Seli
Kila uzi wa Excel lazima aje mtu wa hifadhidata kutuhubiria. Miti 412! Excel inabeba mistari 1,048,576. Shiti mbili, moja MITI, moja UKAGUZI, katikati XLOOKUP, fomula ya kutafuta kwa namba ya mti, kwisha. Bosi anaifungua mwenyewe, mkaguzi akiondoka atakayekuja anaijua. Hiyo GeoPackage yako ukiugua nani ataifungua?

#20 Fundi Jedwali
Bwana Seli, ulichoeleza ni majedwali mawili yenye ufunguo. Umekubaliana nami kwa hasira.

#21 Bwana Seli
Nimekubali mpangilio, sijakubali programu.

#22 Mzee wa Ramani
Excel ina dhambi moja ambayo Bwana Seli hataitaja. Ukichagua safu moja tu ukaipanga kwa alfabeti na kukubali lile onyo bila kusoma, majina yanapangika na kodineti zinabaki zilipokuwa. Kila mti unapata mwili wa mwingine. Ukishahifadhi na kufunga, hakuna kurudi. Hifadhidata haiwezi kuvunja mstari hivyo.

Na tarehe! 03/04 ni Machi au Aprili? Inategemea kompyuta iliwekwa nchi gani. Andikeni mwaka kwanza, 2024-04-03, inajipanga yenyewe na haina ubishi. Wataalamu wa jeni walishindwa kabisa na Excel, hadi mwaka 2020 wakabadilisha majina ya jeni kama MARCH1 na SEPT1 kwa sababu yaligeuzwa kuwa tarehe. Sayansi ilisalimu amri, wewe na miti yako ni nani?

#23 Kichipukizi
Mimi natumia shapefile, aina nyingine ya faili la ramani, niliambiwa ndiyo kiwango. Shida yake majina ya safu yanakatika. Nilikuwa na "kasoro_shina" na "kasoro_shingo", nikifungua nakuta "kasoro_shi" na "kasoro_s_1". Mwezi mzima nimeripoti uozo wa shina ambao ulikuwa wa shingo.

#24 Fundi Jedwali
Pole. Jina la safu ni herufi kumi tu, urithi wa DBF, aina ya zamani ya jedwali. Na hiyo shapefile siyo faili moja, ni kundi: shp, shx, dbf, prj. Mtu akikutumia shp peke yake amekutumia suruali bila miguu. Hama.

#25 Shina44
Kabla hajahama mwambieni na madhambi ya GeoPackage. Mimi niliikopi kwenye flashi QGIS ikiwa bado wazi. Kufika ofisini kazi ya asubuhi yote haipo, miti 38. Kumbe pembeni yake kulikuwa na vifaili viwili, vinaishia na -wal na -shm, na mabadiliko mapya yalikuwa bado humo kwenye -wal. Nikaviacha nikidhani ni takataka.

#26 Bwana Seli
XLSX haina watoto wa pembeni. Nasema tu.

#27 Fundi Jedwali
Funga programu kwanza, ndipo ukopi. Hiyo ni hifadhidata ya SQLite kwa ndani, na kawaida yake ikifungwa vizuri inavimeza vile vifaili yenyewe. Usiiweke pia kwenye folda inayojisawazisha mtandaoni huku watu wawili wanaandika.

#28 BintiMsitu
Picha nazo mziweke vizuri. Msizipachike ndani ya Access, kikomo chake ni GB 2, zitajaza mkiwa bado mnasherehekea. Weka picha kwenye folda, kwenye jedwali andika njia yake tu, na njia iwe fupi inayoanzia kwenye folda ya mradi. Niliwahi kupokea jedwali lenye picha 900, zote zinaelekeza kwenye diski ya kompyuta ya mtu aliyeacha kazi. Na mkaguzi asitume picha kwa programu ya meseji mkategemea kodineti zilizomo ndani, nyingi zinafuta hizo taarifa na kuibana picha.

#29 Gogo Kavu
Wakuu mnanifundisha ila mnanitisha. Turudi kwa 117 kidogo. Nimelinganisha na vipimo: mwaka jana mzingo sm 486, mwaka huu 471. Kumbe haukuhama tu, umekonda.

#30 Panzi Mkavu
Safari ndefu hiyo, lazima ukonde.

#31 BintiMsitu
Ulipima urefu gani kutoka chini?

#32 Gogo Kavu
Kifuani.

#33 BintiMsitu
Kifua cha nani? Ndiyo shida yenyewe. Sehemu nyingi wanapima mita 1.3. Wamarekani 1.37, ambayo ni futi nne na nusu. Waingereza kwenye kiwango chao cha miti na ujenzi wanapima 1.5. Mkuyu unatanuka chini kama sketi, ukishuka au kupanda sm 20 mzingo unabadilika sana. Chukua fimbo, iweke alama 1.3, tembea nayo. Na kama ardhi ina mteremko, simama upande wa juu.

Kwa hiyo kwangu 117 ni mti ule ule, mkono ndio uliopanda.

#34 Shina44
Mimi nasema simu. Zile programu za kupokea mahali mara nyingine zinakupa kodineti ya mwisho iliyokumbukwa hadi mpya ifike. Ulibonyeza haraka, ikakupa mahali ulipokuwa dakika moja iliyopita. Mita 40 ni mwendo wa nusu dakika.

#35 Gogo Kavu
Ila dakika moja kabla nilikuwa 116, na 116 ipo ndani ya ukuta. Upande wa pili wa ukuta sijawahi kukanyaga.

#36 Mzee wa Ramani
Ukuta, Gogo. Mwangwi wa ukuta ninaousema tangu #3. Kwa kawaida haufiki mita 40, lakini ukichanganya ukuta, mwavuli wa mkuyu na simu iliyokuwa mfukoni, nimeona makubwa. Ongeza safu moja ya usahihi, simu huwa inaitaja yenyewe kwa mita. Ikisema 35 unasubiri, husogei.

#37 Fundi Jedwali
Au upangaji wa #22.

#38 Bwana Seli
Upangaji ungeharibu miti yote, siyo mmoja. Msiisingizie Excel kila kitu. Mimi nasema kuna 117 mbili. Mti ulikatwa zamani, namba ikapewa mwingine. Namba ya marehemu hairithiwi, hata kwenye Excel tunajua hilo.

#39 Kichipukizi
Naomba kuuliza, kwani lazima GPS? Kama haiaminiki chini ya mti kwa nini tusipime kwa kamba kutoka kona ya jengo?

#40 Mzee wa Ramani
Mgeni ametushinda wote. New York walipohesabu miti ya barabarani mwaka 2015 walifanya hivyo: watu wa kujitolea na gurudumu la kupimia, wanaanzia kona ya mtaa, wanasoma umbali hadi kila mti ukingoni. Kona ya mtaa inajulikana ilipo, GPS haihitajiki. Walipata miti 666,134. Gogo ana uzio na majengo, anaweza kabisa.

#41 Shina44
Na Melbourne wakaipa kila mti namba na barua pepe ili watu waripoti matawi yaliyovunjika. Watu wakaanza kuiandikia miti barua za mapenzi. Hapa sijui 117 angejibu nini.

#42 Panzi Mkavu
"Naomba msiniandikie, nimehama."

#43 BintiMsitu
Tukicheka tusisahau tarehe ya ukaguzi ujao. Wengi mnaweka miezi 12, maana yake kila mara mnafika msimu ule ule. Uyoga mwingine unaonekana miezi michache tu, na mti wenye majani unaficha matawi makavu. Wapo wanaopanga kila miezi 18 ili misimu ibadilishane. Kwa mti mbaya mnapunguza.

#44 Bwana Seli
=EDATE(B2,18), inaongeza miezi 18 kwenye tarehe iliyo seli B2. Karibuni.

#45 Kichipukizi
Kwangu inakataa.

#46 Bwana Seli
Weka nukta mkato badala ya mkato. Ni mipangilio ya lugha ya kompyuta yako.

#47 Fundi Jedwali
Programu inayobadilisha alama kufuatana na nchi, halafu tunaambiwa kila mtu anaijua.

#48 BintiMsitu
Gogo, kuhusu vibati vya namba. Unatumia misumari gani, na unaigongelea hadi mwisho?

#49 Gogo Kavu
Ya alumini. Ndiyo, hadi mwisho, kisichezecheze.

#50 BintiMsitu
Basi nenda kamwangalie 117 leo. Usitoke na simu tu. Toka na tochi na nyundo.

#51 Shina44
Na umwulize kijana aliyekusaidia. Pale nje ya ukuta hakuna mkuyu mwingine?

#52 Gogo Kavu
Upo, wa jirani. Ngoja niende.

#53 Panzi Mkavu
Nakaa hapa hapa.

#54 Gogo Kavu
Nimerudi.

Kibati kipo kwenye mkuyu wa ndani, lakini gome limekimeza. Msumari niliugonga hadi mwisho, mti ukanenepa, midomo ya gome imefunga pande zote mbili. Kinachosomeka ni 1 ya mwanzo na 7 ya mwisho, katikati ni mti. Inaweza kuwa 117, 127, 137. Nikaangalia faili: 137 nayo ni mkuyu, na sijui kwa nini nilidhani iko upande wa bustani.

Nikamwomba jirani nikavuka. Mkuyu wake una msumari wa alumini kama yangu, hauna kibati. Kijana anasema hajawahi kuvuka ukuta. Mzingo kwa fimbo ya 1.3: wa ndani 479, wa nje 473.

#55 Bwana Seli
Namba mbili. Nilisema.

#56 Shina44
Huo msumari wa nje unanipa mimi ushindi, siyo wewe.

#57 Mzee wa Ramani
479 haiko kwenye faili lolote. Mnashangilia nini?

#58 BintiMsitu
Shingo ya mzizi je?

#59 Gogo Kavu
Upande wa ukutani, pale mtu hapiti bila kupinda mgongo. Kuna rafu mbili za uyoga, ukingo mweupe. Nimegonga nyundo, panalia kama ngoma. Nimefungua faili la mwaka jana na la juzi yake. 117: nzuri. 137: nzuri.

#60 BintiMsitu
Watu wasipite chini yake kuanzia sasa, mpaka mtaalamu aje aupime. Piga picha pamoja na futi, andika upande na tarehe. Namba tutaibishania baadaye.